Somo: Kuchinja kuku bila kuchafua nyama

Wengi wetu tunaouza kuku wa kuchinjwa, kuanzia Kongowea hadi Likoni hapa Mombasa, bidii yetu yote huishia kwenye kuosha. Lakini vijidudu vya salmonela na kampilobakta hutoka kwa kuku mwenyewe: tumboni, kwenye manyoya, miguuni. Uchafu ukishashika ngozi, maji hayauondoi wote. Bora uchafu wenyewe usitoke.

1. Chakula. Hapa ndipo penye kazi kubwa. Kuku akae bila chakula kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji aendelee kunywa. Ukichinja alfajiri saa kumi na moja, toa vyombo vya chakula saa mbili usiku. Mtoe pia kwenye maranda, maana akiona njaa atayadonoa. Mlaze kwenye tenga safi. Usimzidishie njaa: utumbo hulegea ukapasuka kwa kuguswa tu.

2. Kuchinja. Bismillah, kisu kikali, kisha damu ichuruzike dakika 2 hadi 3. Hakikisha roho imetoka kabisa. Kuku anayepumua ndani ya maji moto huvuta uchafu mapafuni.

3. Kunyonyoa. Broila anatoshwa na maji ya nyuzi 58 hadi 60 za Selsiasi, dakika moja hivi. Maji yanayotokota huivisha ngozi ikachanika. Yakiwa tope, mwaga.

4. Kupasua. Hamia meza nyingine, kisu kingine. Nawa kwa sabuni. Legeza gole, kile kifuko cha chakula shingoni, kwanza. Kisha kata ngozi kidogo juu ya tundu la haja, ncha ya kisu ielekee nje, uzungushe tundu lote bila kugusa utumbo. Ingiza mkono hadi ndani, uvute vyote kwa pamoja, taratibu. Matumbo yaende kwenye ndoo yake, mbali na nyama. Mkiwa wawili, anayenyonyoa asipasue.

5. Kupoza. Suuza kwa maji safi yanayotiririka, ndani na nje, halafu moja kwa moja kwenye barafu hadi nyama ifike nyuzi 4. Kwa joto letu la Mombasa, kuku aliyeachwa juu ya meza anaharibika upesi mno.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, utumbo ukinipasukia nifanyeje? Huwa namwagia maji mengi.*
Maji yanautawanya uchafu, dada yangu. Kata sehemu iliyochafuka uitupe, osha kisu na mikono, ndipo uendelee. Ikiwa umeenea ndani kote, kuku huyo usimuuze.

*Ndimu na chumvi haziui vijidudu?*
Zinaondoa shombo na kuleta ladha. Za kutegemea ni usafi, baridi, na kupika hadi ndani kuive.

*Natumia maji ya kisima, yananunuliwa kwa mitungi kwenye mkokoteni. Yafaa?*
Ya kisima cha mtaani, karibu na vyoo vya shimo, usiyaamini. Yatie klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, uyaache nusu saa kabla ya kutumia. Na barafu itoke kwenye maji yaliyotiwa klorini hivyo, la sivyo umerudisha uchafu mwenyewe.

*Wateja wangu wanataka kuku wa moto moto, wakiona barafu wanasema wa jana. Nifanyeje, kaka?*
Mchinje mbele yao, wamchukue papo hapo wakapike. Atakayebaki zaidi ya saa moja kwenye joto hili, ingia naye kwenye barafu hata wakinuna.