Kufunga geji ya busti kwenye Forester ya turbo, na tofauti yake kwa gari la supachaja

Mteja wangu mmoja aliondoka kwangu Mombasa jioni, geji mpya ikiwa imekaa vizuri juu ya dashibodi ya Forester yake. Asubuhi akanipigia simu akiwa Nairobi. "Fundi, geji imeshakufa. Huko kwako mshale ulikuwa hasi 0.65 injini ikiwa sailensi, sijakanyaga mafuta, hapa hata hasi 0.5 haufiki."

Geji ilikuwa nzima, na injini vilevile. Kilichobadilika ni hewa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ya huko ni kama kPa 83, wakati yetu huku pwani ni 101. Geji hupima tofauti kati ya presha iliyo ndani ya manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye injini, na presha ya nje: ya ndani ikizidi ni busti, mshale uko juu ya sifuri; ikiwa chini ni vakyumu, mshale uko hasi. Ya nje ikipungua, na mshale haushuki sana. Nilimwambia arudi nayo Mombasa ndipo tuzungumze, na aliporudi alikuta mshale uko palepale alipouacha.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu geji iliyochomekwa pasipofaa, au yenye paipu inayovuja, nayo hutoa namba za ajabu, ila hapo kosa linakuwa la mfungaji. Kazi yenyewe si ngumu. Asubuhi moja inatosha. Kinachotaka akili ni mambo mawili: pa kuchomekea, na kuhakikisha hakuna hata sindano ya hewa inayopita.

Gari ninalolielezea ni Forester SG5, zile za 2002 hadi 2007 zilizokuja kutoka Japani na injini ya EJ205 ya lita 2.0. Impreza WRX ya miaka hiyo yenye injini hiyohiyo inafuata njia ileile. Mwenye gari la supachaja asome hadi mwisho, kuna sehemu yake.

Kuchagua geji

Ziko za aina mbili. Ya kimakanika huleta paipu nyembamba ya hewa kutoka injini hadi nyuma ya geji yenyewe, na waya zake ni za taa tu. Ya umeme ina sensa inayobaki chini ya boneti, kinachoingia ndani ya gari ni waya peke yake. Mimi hufunga ya umeme kila mteja akiimudu. Joto la pwani hukausha paipu za plastiki zikawa kama makaroni mabichi, na paipu ikikatika nyuma ya dashibodi utaitafuta siku nzima.

Angalia vipimo kabla ya kulipa. Geji nyingi za Kijapani huandikwa x100 kPa, yaani 1 kwenye uso wake ni kPa 100, sawa na bar 1, na namba za mshale ninazotaja humu ni za namna hiyo. Za Kimarekani husoma psi upande wa busti na inchi za zebaki upande wa vakyumu. Bar 1 ni psi 14.5. Upana wa uso ni milimita 52 au 60, kwa hiyo nunua kikombe cha kushikilia kinacholingana nao. Geji za mtumba kutoka Japani ni nzuri ikiwa sensa na waya zake zote zimo kwenye boksi. Bila sensa yake umenunua saa isiyo na mishale.

Vitu vingine: T ya shaba inayolingana na tundu la paipu utakayoikata, mita mbili za paipu ya silikoni, klipu ndogo nne, kigawa fyuzi chenye fyuzi ndogo ya ampia 2 au 3, mita ya umeme, spana namba 10, wembe mpya, tai za plastiki, na sirinji kubwa ya mililita 60 kutoka duka la dawa. Sirinji usiisahau.

Hatua ya 1: Itafute paipu sahihi injini ikiwa inawaka

Fungua boneti. Intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, imelala juu ya injini, chini kabisa ya lile tundu la hewa la boneti. Kwenye ukingo wake kuna vali ya kurudisha hewa, ile inayotoa "pshhh" ukiachia mafuta. Juu ya vali hiyo imechomekwa paipu moja nyembamba. Inatoka kwenye manifoldi ya kuingiza hewa, na ndiyo tunayoitaka.

Usiamini macho. Washa injini, iache ikae sailensi, chomoa paipu hiyo upande wa vali na uweke kidole kwenye mdomo wake. Lazima ikuvute kidole kwa nguvu. Kama haikuvuti, hiyo siyo. Rudisha paipu, zima injini.

Kuna paipu nyingine nyembamba jirani yake ambayo usiiguse kabisa: ile inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye solenoidi (vali ya umeme) na kopo la westigeti, mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo. Hiyo ndiyo inayoiambia westigeti ifunguke busti ikitosha. Niliwahi kuletewa Forester iliyofungwa geji kwingine, T imewekwa kwenye paipu hiyo na klipu hakuna. Ilipochomoka njiani, westigeti haikupata habari tena, busti ikapanda bila kizuizi mpaka kompyuta ya gari ikawa inakata mafuta katikati ya kupita lori. Mwenye gari alidhani pampu ya mafuta imechoka. Jaribio la kidole linakulinda na hilo, kwa sababu paipu ya westigeti haivuti gari likiwa sailensi.

Wengine huchomeka kwenye paipu ya regyuleta ya presha ya mafuta. Inasoma sawasawa, lakini mimi siipendi. Paipu ile ikipasuka wakati wa busti, presha ya mafuta haipandi inavyotakiwa, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, na injini ya turbo yenye mchanganyiko mkavu hugonga na kutoboa pistoni.

Hatua ya 2: Toa umeme, kisha kata

Legeza kichwa cha hasi cha betri kwa spana namba 10, kiweke kando. Subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa chochote karibu na usukani. Nyaya zenye mfuniko wa njano ni za mifuko ya hewa. Usizipime kwa mita wala usizikate.

Sasa kata paipu ya vali kwa wembe mpya, mkato ulionyooka, mahali penye nafasi ya mkono. Ingiza T, kila mdomo na klipu yake. Ikiwa paipu ya zamani imekuwa ngumu au ina nyufa ukiikunja, usiihurumie. Badilisha yote. Gari hizi sasa zina umri mkubwa na raba zake zimeshapikwa vya kutosha.

Mdomo wa tatu wa T unaenda kwenye sensa, au kwenye geji kama ni ya kimakanika. Kwa ya kimakanika, weka ndani ya paipu kile kipande kidogo chenye tundu jembamba kinachokuja na geji, la sivyo mshale utatetemeka kila injini inapovuta.

Hatua ya 3: Funga sensa juu kuliko T

Hapa wengi hupita haraka. Hewa ya manifoldi hubeba mvuke wa mafuta na unyevu. Sensa ikikaa chini kuliko T, au mdomo wake ukielekea juu, uchafu huo unaishia ndani yake na baada ya miezi usomaji unaanza kuchelewa. Ifunge kwenye ukuta wa bati ulio nyuma ya injini, mdomo ukiangalia chini, paipu ikishuka hadi kwenye T bila tumbo katikati. Iwe mbali na turbo na paipu zake za moshi. Upande ule joto lake linayeyusha plastiki bila kuigusa.

Hatua ya 4: Kupitisha waya ndani

Usitoboe bati. Pale shungi kuu la nyaya linapoingia ndani ya gari kuna mpira mkubwa wa kuzibia tundu. Toboa tundu dogo pembeni ya mpira huo, mbali na nyaya zilizopo, kwa waya mgumu uliokunjwa ncha isiwe kali. Funga waya wa sensa kwenye ncha hiyo, mwenzako avute polepole kutoka ndani. Ukimaliza ziba kwa silikoni. Mvua za Aprili zitakukumbusha kama hukuziba, zulia la miguuni litakuwa bwawa.

Hatua ya 5: Umeme wa geji

Rangi za nyaya hazifanani kati ya kampuni na kampuni, fuata karatasi iliyokuja na geji yako. Kwa kawaida kuna nne: chanya ya kudumu, chanya inayokuja ukiwasha funguo, ya taa, na athi. Tatu za kwanza zinapatikana nyuma ya redio. Zitambue kwa mita: ya kudumu ina volti 12 hata funguo ikiwa mfukoni, ya pili inakuja funguo ikiwashwa, ya tatu inakuja ukiwasha taa za pakingi. Ili kupima itabidi urudishe betri kwa muda. Itoe tena kabla ya kuunganisha. Chanya zote zipitie fyuzi. Athi ifunge kwenye skrubu iliyoshika bati tupu, siyo iliyopakwa rangi.

Kusokota nyaya na kuzungusha tepu si kufunga. Gundi ya tepu huyeyuka gari likikaa juani Machi, nyaya zinabaki uchi. Chomelea kwa risasi au tumia viungio vya kubana, halafu vika mpira unaosinyaa kwa moto.

Kuhusu mahali pa geji: karibu na saa za dashibodi au juu ya kolamu ya usukani ni pazuri. Nguzo ya kioo cha mbele ni sawa, ila kama ina maandishi ya SRS AIRBAG hapo usiweke kitu.

Hatua ya 6: Jaribio la sirinji

Chomoa paipu ya sensa kwenye T na uvike mdomo wake kwenye sirinji. Rudisha betri, washa funguo bila kuwasha injini. Mshale usome sifuri. Sukuma sirinji taratibu mpaka mshale ufike 0.5, kisha shikilia dakika moja bila kusogeza kidole. Mshale ukibaki hapo, laini yako ni nzima. Ukishuka, kuna uvujaji kati ya sirinji na sensa, tafuta klipu iliyolegea. Halafu vuta sirinji, mshale uende upande wa vakyumu na ukae. Jaribio hili la dakika mbili limeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote cha gharama nilicho nacho. Ukiridhika, rudisha paipu kwenye T na uikaze.

Hatua ya 7: Washa na usome

Kwa kuwa betri ilitolewa, sailensi inaweza kuyumba kidogo mwanzoni. Acha injini ipate joto lake la kawaida. Huku pwani tegemea hasi 0.6 hadi 0.68 hivi, Nairobi karibu na hasi 0.45 hadi 0.5. Zima kiyoyozi unaposoma. Mshale uliotulia lakini uko juu sana kuliko hapo ni dalili ya hewa inayovuja, anza na T yako. Mshale unaorukaruka kwa mpigo ni kazi ya plagi, koili au vali za injini, wala si geji.

Busti isomwe barabarani, kwenye mlima usio na magari mengi, gia ya tatu, na macho ya kusoma yawe ya abiria. Forester za kawaida ninazofunga hufika karibu na 0.8. Ukipata 0.4 pamoja na mluzi, kagua paipu za intakula. Ikivuka 1 na gari halijawahi kuguswa, ondoa mguu, rudi nyumbani taratibu, na kagua paipu ya westigeti.

Kama gari lako ni la supachaja

Waya, sensa na sirinji ni vilevile. Kinachobadilika ni pa kuchomekea. Supachaja inaendeshwa na mkanda wa injini, na mahali throtoli ilipo, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, hutofautiana. Kwenye Mini Cooper S ya R53, kwa mfano, throtoli iko kabla ya supachaja. Ukichomeka kati ya hivyo viwili utaona vakyumu tu, busti hutaiona maisha. Magari mengine throtoli iko baada ya supachaja, na ukichomeka kati yake utaona busti lakini vakyumu hakuna. Kwa hiyo kanuni ni moja: chomeka kwenye manifoldi yenyewe, baada ya vyote viwili, na ufanye jaribio lilelile la kidole.

Wenye Mercedes za Kompressor wanaopanda bara wajue na hili. Turbo inaweza kuzunguka kasi zaidi kufidia hewa nyepesi. Supachaja haiwezi, kasi yake imefungwa na mkanda. Tuseme inabana hewa mara 1.5. Mombasa kPa 101 zinakuwa kama 151, geji inasoma 0.5. Nairobi kPa 83 zinakuwa kama 125, geji inasoma 0.4 na kitu. Usibadilishe puli wala mkanda kwa sababu ya tofauti hiyo.

Baada ya wiki moja ya kuendesha, fungua boneti injini ikiwa baridi na ukaze klipu zote nne tena. Silikoni mpya hulegea kidogo ikishapata joto mara kadhaa. Andika namba zako za sailensi na za busti kwenye kitabu cha sevisi, pamoja na mji uliposomea.