Namna ya kumtafuta babu mdogo aliyefia vitani akiwa askari wa Keya

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jirani kumtafuta mdogo wa babu yake, kijana aliyechukuliwa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa vita vya Hitler (Vita vya Pili vya Dunia) na asirudi.

Hatua ya 1. Waulize wazee. Kijana aliyekufa kabla ya kuoa hana wajukuu wa kumtaja, kwa hiyo usiwasahau watoto wa dada zake. Andika jina la baba yake, kijiji, na lolote lililosemwa kuhusu kifo chake.

Hatua ya 2. Linganisha maneno hayo na historia. Wakisema alizama na meli, anza na Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944. Wakitaja Burma (Myanmar ya leo), fikiria Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana katika bonde la Kabaw mwaka huo na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba.

Hatua ya 3. Ingia mtandaoni katika orodha ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi na majina ya askari wa Jumuiya ya Madola waliofia vitani; orodha hiyo haina malipo. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu huandika jina, wakakosa, wakaamini kwamba ndugu yao hakuandikwa kabisa. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia: L ikawa R, jina la nyumbani likaachwa na la ubatizo likashika nafasi yake, au jina la baba likageuka la ukoo, wengine wana jina moja tu. Kwa hiyo mimi siandiki jina hata kidogo. Nachagua Vita vya Pili, naweka kikosi na miaka, napakua matokeo yote kama jedwali, kisha natafuta kijiji na jina la baba katika safu ya maelezo ya ziada. Si kila askari ana maelezo hayo, na kufanana kwa jina peke yake si ushahidi, hasa kwa kina Juma na Yohana. Tena usiishie kwenye King's African Rifles: kwa wazee kila askari alikuwa Keya, lakini dereva huenda yumo chini ya East African Army Service Corps, mpiga mizinga chini ya East African Artillery, na mhudumu wa wagonjwa chini ya kikosi cha tiba. Rudia kazi yote kwa kila kikosi.

Hatua ya 4. Tazama anakumbukwa wapi. Waliofia Burma bila kaburi linalojulikana wameandikwa katika mnara wa kumbukumbu wa Rangoon, ulio ndani ya makaburi ya Taukkyan. Wengi wa Khedive Ismail wamo katika mnara wa Afrika Mashariki, Nairobi.

Hatua ya 5. Ukishapata batalioni na tarehe, agiza shajara ya vita ya batalioni hiyo, yaani daftari lake la matukio ya kila siku, kutoka Nyaraka za Taifa za Uingereza, zilizoko Kew, London. Za Burma zimo katika mfululizo wa WO 172. Usitarajie kuliona jina lake, kwani kwa kawaida maofisa hutajwa na askari huhesabiwa tu, lakini utajua siku ile batalioni ilikuwa wapi na ilikuwa ikifanya nini.