Somo: Wikendi ya Mombasa kwa treni, tangu tiketi hadi kahawa ya jioni

Somo hili ni la mtu anayetoka Nairobi Ijumaa na kurudi Jumapili, mfuko wake ni wa kawaida, na angependa kuuona mji wenyewe badala ya kulala ufuoni siku nzima.

Kabla ya tiketi na hoteli, shika jambo moja: Mombasa mjini ni kisiwa. Kaskazini unavuka daraja la Nyali, kusini unavuka feri ya Likoni, na ukitoka bara unaingia kwa Makupa. Kila kivuko kina foleni yake na saa zake za kisirani. Ukilala Bamburi huku mambo yako yote yako Mji wa Kale, au ukilala mjini huku watoto wanalilia bahari ya kuogelea, Jumamosi yako itaishia ndani ya matatu. Basi chagua upande mmoja, na kila unachopanga kifuate hapo.

Hatua ya 1: Kata tiketi ya kurudi kwanza

Watu hukimbilia ya kwenda. Ya kwenda haina shida sana. Kinachoisha haraka ni viti vya Jumapili kurudi Nairobi, hasa shule zikifungwa, Pasaka na Desemba. Ukikosa cha kurudia, utajikuta Mwembe Tayari unatafuta basi la usiku, na Jumatatu unaingia kazini macho mekundu.

Tiketi hukatwa kwenye tovuti ya Shirika la Reli la Kenya au kwa kupiga *639# kwenye simu, na unalipa kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida toka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500, na daraja la kwanza ni 4,500. Andika jina na namba ya kitambulisho jinsi zilivyo kwenye kadi yako. Kurasa za mitandaoni zinazokuuzia "nafasi ya mwisho" kwa kutuma pesa kwa namba ya mtu binafsi, achana nazo.

Treni ziko za asubuhi, alasiri na usiku, na mpango ni huo huo pande zote mbili. Ya saa mbili asubuhi husimama stesheni za njiani kama Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi, kwa hiyo huchukua muda zaidi. Ya alasiri, mnamo saa tisa, hukufikisha kwa takriban saa tano. Ya saa nne usiku hukutua alfajiri na mapema. Mimi kwa wikendi fupi huenda na kurudi kwa ya alasiri: Ijumaa nusu siku bado uko kazini, na Jumapili unabaki na asubuhi nzima. Saa hubadilishwa mara kwa mara, hivyo soma ile iliyoandikwa kwenye tiketi yako, usifuate ya rafiki aliyesafiri mwaka jana.

Hatua ya 2: Fika Syokimau mapema

Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, nje ya mji. Foleni ya barabara ya Mombasa siku ya Ijumaa mnaijua. Kuna treni ndogo ya abiria kutoka stesheni ya kati ya mjini inayowapeleka wasafiri wa SGR, yaani reli hii mpya ya Mombasa, nayo haijui foleni. Mwenye gari au teksi anaweza kupita barabara ya juu ya kulipia, ina mteremko wa kuelekea stesheni.

Panga kuwa langoni saa moja kabla ya treni kuondoka. Mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha hupitishwa kwenye mashine, kisha kuna ukaguzi wa tiketi na kitambulisho. Kisu cha kumenyea matunda kiache nyumbani.

Hatua ya 3: Safarini

Daraja la kawaida lina viti vinavyotazamana, watu watatu upande mmoja na wawili upande mwingine, kwa hiyo magoti ya jirani utayafahamu vizuri. Beba chakula chako na maji. Ukisafiri na ile ya asubuhi na mbingu ikiwa safi, kaa upande wa kulia ukielekea Mombasa: Kilimanjaro huonekana upande huo. Ukiingia Tsavo tazama pande zote mbili. Ndovu wa huko ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojipaka, na kwa mbali mtu hudhani ni vichuguu mpaka kimoja kitikise masikio. Reli imeinuliwa juu ya tuta, na wanyama hupita chini yake kwenye mapito waliyojengewa.

Hatua ya 4: Kutoka Miritini

Treni haikufikishi mjini. Inakuacha Miritini, bara, na hapa ndipo wageni hukamuliwa. Ukitoka tu mlangoni utaitwa "boss", "mamaa", "twende Nyali", mizigo yako ikishikwa kabla hujajibu. Mkono usiache begi. Ukiwa peke yako na begi dogo, panda matatu za mjini zilizo nje ya stesheni. Mkiwa watatu au wanne, ita teksi ya programu ya simu mkiwa bado ndani na mgawane nauli. Wanaolala Nyali na Bamburi wasikubali bei kabla ya kutaja mtaa kamili, maana "Nyali" kwa dereva ni pana sana.

Hatua ya 5: Chagua pa kulala kwa kuangalia unachokwenda kuona

Lala kisiwani (barabara ya Moi, Tononoka, Tudor, au Kizingo palipotulia) kama unataka ngome ya Fort Jesus, Mji wa Kale, soko na chakula. Utatembea kwa miguu na tuktuk, hutavuka daraja. Lala Nyali au Bamburi kama shabaha ni ufuo na watoto. Usijaribu vyote viwili kwa usiku mbili.

Picha za vyumba huficha mengi. Kabla ya kutuma pesa, piga simu uulize haya: Kuna kiyoyozi au feni tu? Kuanzia Januari hadi Machi feni husukuma joto kutoka kona moja hadi nyingine. Maji ni ya mfereji au ya kisima? Mombasa maji ya mfereji ni ya mgao, na nyumba nyingi hutumia kisima chenye chumvi. Si hatari kuoga, ila sabuni haitoi povu na nywele zitakushangaza. Neti ipo? Stima ikipotea kuna jenereta? Na je, watakupokea saa nne usiku? Treni ya alasiri hufika baada ya magharibi, na nyumba za kupanga kwa siku mara nyingine mwenye funguo amekwishalala.

Swali la mwisho ni hili: Jumapili nikishatoka chumbani, mtaniwekea begi hadi adhuhuri? Hoteli nyingi hukubali bila malipo, na jibu hilo pekee hukupa asubuhi nzima huru.

Hatua ya 6: Ratiba yenyewe

Jumamosi anza na Fort Jesus, milango ikifunguliwa saa mbili. Sisemi hivyo kwa kupenda kuamka mapema. Kuta zile za mawe ya matumbawe zikishapigwa na jua la saa tano, uwanja wa ndani huwa tanuri. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698 ndipo wakaitwaa. Waingereza wakaifanya gereza, na baadaye ikawa makumbusho; tangu 2011 imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ndani usipite haraka chumba cha vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Kireno Santo António de Taná, iliyozama hapo hapo mbele ya ngome 1697 ikileta msaada kwa waliozingirwa. Chukua kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha mwenyeji na cha mgeni si kimoja, na uwe na salio la M-Pesa.

Ukitoka, Mji wa Kale uko mlangoni. Fuata barabara ya Ndia Kuu na mitaa ya jirani taratibu: milango ya nakshi, roshani za mbao, msikiti wa Mandhry ambao asili yake ni mwaka 1570. Si lazima kuwa na mtembeza wageni, ila ukimtaka, mwombe kitambulisho chake cha kazi na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza. Mavazi ya heshima, na watu hawapigwi picha bila kuombwa. Anayekuja Ijumaa ajue maduka mengi hufungwa wakati wa swala ya adhuhuri, na mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana huku ni shida, ingawa jioni yake haina mfano.

Kula. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, ukichelewa zimeisha. Mchana tafuta pilau au biriani mitaa ya Kibokoni, kwenye vibanda ambavyo wenyeji wamejaa. Nunua viungo Marikiti, soko la mjini, lakini uliza bei duka tatu kwanza.

Pembe za Ndovu, yale matao ya barabara ya Moi, ni za dakika tano: piga picha, ondoka. Jioni nenda bustani ya Mama Ngina, kwenye mlango wa bahari wa Kilindini. Chini ya mibuyu kuna mihogo ya kukaanga inayopasuliwa katikati na kupakwa pilipili na ndimu, kuna madafu, na meli za mizigo hupita karibu hata unasoma jina ubavuni. Ukirudi Mji wa Kale usiku, muuza kahawa utamsikia kabla ya kumwona, akigonganisha vikombe. Dele lake la shaba linakaa juu ya makaa, kahawa ni chungu ya tangawizi, kashata pembeni. Keti kwenye baraza na wazee, usimhimize muuzaji.

Jumapili asubuhi: waliolala mjini warudie walichokipenda au wavuke feri ya Likoni na kurudi, kwa mtembea kwa miguu ni bure na mandhari ya bandari ni mazuri. Waliolala Bamburi waende Haller Park, iliyokuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji. René Haller alianza kuotesha mivinje kwenye mashimo yale mwaka 1971, na leo kuna twiga unaowalisha kwa mkono wako. Kuogelea, uliza kwanza saa za maji kujaa. Maji yakipwa utatembea mwendo mrefu juu ya mwani na vipande vya mawe.

Saa sita na nusu uwe njiani kwenda Miritini. Malori ya bandarini hayajui kwamba una treni.

Maswali ya wasomaji

Swali (Nakuru): Nina watoto wawili, wa miaka miwili na saba. Wanalipa?

Jibu: Chini ya miaka mitatu ni bure, ila atakaa mapajani. Wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Chukua vyeti vyao vya kuzaliwa, dada, hata nakala.

Swali (Nairobi): Kaka, treni ya usiku si inaniokolea pesa ya kulala?

Jibu: Inakuokolea usiku mmoja na kukuharibia siku moja. Ni viti, hakuna vitanda. Utashuka Miritini kabla ya adhana ya alfajiri na chumba chako hakifunguliwi hadi mchana. Kama una ndugu wa kukupokea, sawa. Vinginevyo hapana.

Swali (Tanga): Sisi tunakuja kwa basi kupitia Horohoro. Somo hili linatufaa?

Jibu: Karibuni jirani zetu. Kuanzia hatua ya 5 linawafaa lote. Nyinyi mnaingia kutoka kusini, kwa hiyo muulizeni wakala kama basi linapita feri ya Likoni au barabara mpya ya Dongo Kundu, na mnashushwa wapi. Pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria ni lazima, kadi ya homa ya manjano pia muwe nayo. Badilisheni shilingi kidogo ya kutosha tuktuk na chai, kwa kuwa laini zenu hazitafanya kazi hapa kama za kwetu.

Swali (Thika): Mbona hujagusa Diani? Watu wote huenda huko.

Jibu: Kwa makusudi. Diani ni safari yake yenyewe. Anayeitaka asilale Mombasa hata usiku mmoja: akishuka Miritini apite Dongo Kundu moja kwa moja hadi kusini, bila kugusa kisiwa wala feri. Kuunganisha Diani na Mji wa Kale katika wikendi moja, nimewaona waliojaribu. Picha wanazo, usingizi hawakuupata.

Swali (Machakos): Nakuja na mama, ana miaka sabini na magoti yanamsumbua. Nifanyeje?

Jibu: Mkatie daraja la kwanza, viti ni viwili viwili na pana nafasi ya kunyoosha miguu. Ombeni chumba cha chini. Majengo mengi ya mjini hayana lifti. Ngomeni kuna mpando wa kuingilia na ngazi za kwenda juu ya kuta. Uwanja na vyumba vya maonyesho anaweza, huko juu mwache apumzike kivulini. Mji wa Kale mzungusheni kwa tuktuk, mkipatana kwa saa badala ya kwa safari, na mwambieni dereva mapema kwamba mtasimama-simama. Bustani ya Mama Ngina haina shida kabisa, viti ni tele.