Bei ya Nyumba Haipangwi kwa Gharama za Ujenzi
Unapotaka kuuza nyumba, usipange bei kwa kujumlisha gharama ulizotumia kuijenga, kwa maana mnunuzi hajali saruji ulinunua kwa kiasi gani, bali huilinganisha nyumba yako na nyingine zilizopo sokoni. Tafuta bei ambazo nyumba za ukubwa na hali kama hiyo zimeuzwa karibuni katika eneo hilohilo, wala usitegemee zinazotangazwa, kwani mara nyingi kati ya hizo mbili pana pengo kubwa. Kabla ya kupiga picha, ziba panapovuja, subiri pakauke kabisa, ndipo upake rangi. Doa moja la maji darini humfanya mnunuzi alishuku paa zima. Kubomoa na kujenga jiko upya, kwa maoni yangu, acha, kwa sababu mara nyingi fedha hiyo hairudi yote.