Namna ya kuotea theluji ya Kilimanjaro ukiwa bado Unguja

Kila ikikaribia Disemba napata masuali yale yale. Watu wanataka kupanda Kilimanjaro wafike juu tarehe 9, siku ya Uhuru, na suali ni moja tu, yakhe kule juu saivi kuna theluji ama hakuna? Na kabla sijafungua mdomo mtu kashatoa simu ananionesha, si unaona hapa, nyuzi 27 na kijua. Basi naandika leo nimalize, atakaeniuliza tena ntamtumia hii asome akiwa kwenye boti.

Ile nyuzi 27 ni ya Moshi. Moshi ipo mita 800 na kitu juu ya bahari, kilele cha Uhuru kipo mita 5,895, kwa hivo unachosoma ni hali ya mji ulio chini ya mlima wakati wewe unakwenda kulala juu ya mawingu. Na hata ukiandika jina la mlima wenyewe bado usiamini moja kwa moja, mana kompyuta zinazopiga hizi hesabu zinaikata dunia vipande vipande, ile ya Wamarekani inaitwa GFS kipande chake kina upana kama kilomita 13, ya Ulaya inaitwa ECMWF kama kilomita 9, na kila kipande kinapewa kimo kimoja cha wastani. Kibo, yani ule mlima mkuu wenye kilele cha Uhuru, ikishasawazishwa hivo inakuwa fupi kuliko Kibo ya kweli, na mlima mfupi una joto zaidi. Ndo mana simu inaandika mvua, unafika unakuta kumeupe.

Mimi naanzia hapahapa nyumbani. Hewa kadri unavopanda inapoa, kwa wastani nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Chukua joto la mchana la Unguja, tuseme 31, gawa kwa 6.5, unapata 4.77, yani kwenye mita 4,770 hivi ndo hewa inafika sifuri. Halafu shuka mita 300, kwa sababu theluji ikivuka sifuri haiyayuki papo hapo, inaendelea kushuka kidogo bado nyeupe ndo inageuka mvua. Kwa hivo mstari wa theluji siku hiyo uko kwenye 4,450 mpaka 4,500. Sasa pachika kambi zako hapo. Njia ya Marangu, Mandara ipo 2,720 na Horombo 3,720, huko utapigwa na mvua, mvua ya baridi kweli lakini mvua. Kibo Hut ipo 4,720, tayari umo kwenye theluji mawingu yakiwepo. Ukipita Machame, kambi ya Barafu ipo kama 4,670, mambo ni hayohayo. Kileleni, 6.5 mara 5.9 ni kama 38, basi 31 utoe 38, unabaki na hasi 7.

Hesabu ya vidole hii, usije ukaniletea kesi kwa mita mia. Ila jua kwamba mvua ikiwa nzito mstari unashuka tena mita 200 au 300, mana theluji inapoyayuka njiani inanyonya joto la ile hewa, hewa inapoa, na theluji inayofuata nyuma inafika chini zaidi. Ndo mana kwenye dhoruba mtu anaweza kushangaa theluji ipo hata chini ya 4,300 wakati asubuhi yake kulikuwa na tope tu.

Sasa, hesabu hiyo inakwambia theluji ikianguka itaishia wapi. Haikwambii kama itaanguka. Na hapa ndo sie watu wa pwani tunapochemka, mana kwetu baridi ni kusi, mwezi wa sita wa saba mtu anavaa sweta Forodhani, basi tunadhani na theluji wakati wake ndo huo. Sivyo. Miezi hiyo Kibo ni baridi kweli kweli lakini juu ni kukavu, mawingu yanayoletwa na kusi yanakwama kule chini kwenye msitu, ukiwa juu yake unaona jua na vumbi. Theluji inataka mvuke, na mvuke ule unatoka kwenye bahari hii hii tunayoogelea, unaletwa na masika Machi mpaka Mei, na vuli Oktoba mpaka Disemba. Wenzetu wa Ulaya theluji yao inangoja miezi ya baridi, inaanguka na kulala chini miezi mitatu minne. Kibo iko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, haina msimu wa baridi wa namna ile, kila siku mchana jua la utosi na kila usiku kunaganda, theluji inaanguka leo, kesho mchana kwenye mita 4,700 imeshakwisha, wiki ijayo inarudi. Kwa hivo suali la "saivi kuna theluji?" jibu lake linadumu siku mbili tatu, basi.

Na tarehe 9 Disemba hiyo inaangukia kwenye vuli bado. Kuna miaka vuli inazidi, pale upande wetu wa Bahari ya Hindi unapopata joto kuliko upande wa Indonesia, 1997 ilikuwa hivyo na 2019 hivyo hivyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri wa msimu ukasikia "juu ya wastani" kwa nyanda za juu kaskazini mashariki, wewe hesabu theluji tu.

Mimi haya nimejifunza kwa kichwa kigumu. Mara ya kwanza nilienda mwisho wa Novemba na binamu yangu, tukajiambia kaskazi hiyo inaingia, joto, theluji itoke wapi. Raba za kitambaa, jaketi moja la mtumba la Darajani. Tukafika kambi ya Barafu saa tisa mchana, wingu limetuzunguka, tukala tukalala. Saa tano ya usiku naamka nahisi kitu kimenilalia usoni, kibaridi, kizito, nikadhani binamu kajigeuza, nikakisukuma kwa kiwiko, ikasikika shwaaa kisha paa la hema likaruka juu likakaa sawa. Theluji ilikuwa imelikandamiza hema mpaka kwenye pua yangu. Nikafungua zipu, raba zangu niliziacha nje chini ya kile kibaraza cha hema, zimejaa nyeupe kama bakuli mbili za ubwabwa. Mpagazi mmoja anapita na tochi akacheka, akasema kaka wa Zanzibar, si ndo hii barafu mnauziana na ukwaju kwenu? Siku ile sikufika popote, vidole vya miguu vilikufa ganzi nikateremshwa. Binamu alifika Stella Point, pale ukingoni kabla ya kilele, akarudi.

Tangu hapo siondoki bila kuangalia unyevu wa juu, na hii ndo sehemu ya kushika kuliko zote. Fungua programu ya Windy, ni bure, weka alama kwenye Kibo, kisha pembeni kuna kimstari cha kupandisha kimo cha hewa. Usikiache kwenye usawa wa ardhi. Kuna vimo vitatu vya kuangalia, vimeandikwa kwa hPa, kipimo cha mgandamizo wa hewa, 700 hPa ambayo kwetu ipo kama mita 3,150, 600 hPa kama mita 4,400, na 500 hPa. Hii ya 500 wameiandikia mita 5,500, lakini huku kwenye joto hewa imetanuka na inakaa kiasi mita 5,850, yani karibu sawasawa na kilele. Mungu katupendelea hapo. Joto na upepo utakaousoma kwenye 500 ndo utakaokupiga usoni alfajiri ukifika.

Soma unyevu wa kila kimo, upo kwa asilimia. 700 ikiwa 90 na 500 ikiwa 20 au 30, furahi, hilo ni wingu la chini, utavuka juu yake na kulitazama kama bahari. 600 na 500 zote mbili zikipita 80 na zimekaa hivo masaa mengi, basi wingu limepanda mpaka kichwani na theluji inakuja, hata kama simu imechora kijua. Ikiwa 600 ina maji na 500 kavu, hapo ni nusu kwa nusu, mara nyingi utapata theluji ya mchana kambini na usiku mbingu safi.

Upepo nao uusome kwenye 500 hiyo hiyo. Hasi 7 bila upepo mtu anavumilia, hasi 7 na upepo wa kilomita 30 kwa saa mwili unaisikia kama hasi 15. Ukiona 40 na zaidi kwa usiku wako wa kileleni, zungumza na muongozaji mapema kuhusu kusogeza siku, usingoje mpaka mko kambini.

Kwenye mvua, programu inaandika milimita. Milimita 1 ya maji inakuwa karibu sentimita 1 ya theluji, kwa hivo 8 usiku kucha ni kama kiganja. Ila kipande kile cha wastani nilichosema kinasambaza mvua eneo zima, upande mmoja wa mlima unaweza kupata mara mbili na mwengine usipate kitu. Kusini, yani Machame na Umbwe, ndo kunakonyesha zaidi. Rongai ipo kaskazini na ni kavu zaidi, mtu akinambia lazima aende wakati wa mvua namwambia pita Rongai.

Saa pia zinachanganya watu. Hizi kompyuta zinaanza hesabu kwa saa za Greenwich, ile ya saa 00 kwetu ni saa tisa usiku, na ile ya Ulaya inakuwa tayari kuanzia saa tatu saa nne asubuhi huku kwetu, nyengine inakuja usiku saa hizo hizo. Kwa hivo kuangalia saa moja asubuhi ni kusoma la jana. Angalia saa nne na chai yako. Linganisha ya Ulaya na ya Marekani, zikikubaliana siku tatu mbele amini, siku ya tano chukua kwa tahadhari, ya wiki nzima iangalie tu kama unavoangalia mtu anayepita njiani. Mvua za huku ni za mawingu yanayovimba mchana, hakuna kompyuta inayojua litavimba bonde gani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa wao wanatoa tahadhari za siku tano, na ukiwa hapa zitakufaa mara mbili. Wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, hilo ni la boti yako ya kwenda Dar. Wakitoa la mvua kubwa kwa Kilimanjaro, Arusha na Manyara, wenye mashamba wanasoma mafuriko, wewe mpanda mlima soma theluji kuanzia mita 4,400.

Ukitaka kuona kwa macho iliyoanguka tayari, ingia tovuti ya Copernicus Browser, tafuta picha za setilaiti za Sentinel-2, zinapita kila siku tano. Wingu na theluji vyote vyeupe vinakuchanganya, basi badilisha rangi uweke SWIR, yani mionzi ambayo macho hayaioni, theluji inageuka buluu na wingu la kawaida linabaki jeupe. Usichanganye theluji mpya na ile barafu ya zamani iliyobaki juu, ile ipo mwaka mzima, vipande vipande tu, mana kutoka kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 ilishapungua chini ya 2 kufika 2007. Theluji mpya utaijua kwa kuwa imezunguka Kibo yote na ina ukingo chini, pima ukingo huo uko mita ngapi, hapo umepata mstari wa kweli wa kulinganisha na hesabu yako ya vidole.

Vifaa sitasema sana, Moshi unakodi kila kitu, jaketi, fimbo, begi la kulalia. Hesabu ikikupa theluji ongeza vile vitambaa vya kufunga kuanzia kiatu mpaka muundi, na miwani myeusi ya kweli, sio ile ya kupigia picha Nungwi, mana theluji mpya inarudisha karibu mionzi yote ya jua na macho yanaungua bila mwenyewe kujua mpaka usiku. Viatu lala navyo ndani ya hema. Ndani.

Ukishafika kambi ya mwisho mtandao unashika na kupotea, kwa hivo utabiri uliobaki ni macho. Kwa kawaida asubuhi mbingu safi, kuanzia saa nne saa tano wingu linapanda kutoka msituni, mchana linamwaga, jioni linateremka, ndo mana watu wanaondoka saa sita usiku. Toka nje saa tano, tazama chini ulipo mji. Ukiona taa za Moshi na nyota juu, vaa. Ukiona nyota lakini taa hakuna, vaa pia, wingu lipo chini yako na wewe uko juu yake. Nyota hakuna na taa hakuna, umo ndani ya wingu, papasa hema kwa mkono, kama kuna kitu kinakwaruza kama chumvi ya mawe rudi ulale nusu saa utoke tena. Na hata mkishaondoka, kila mkisimama kupumzika geuka kulia nyuma uitafute Mawenzi, kile kilele cha pili cha Kilimanjaro, iko mashariki na hali mbaya nyingi inatokea upande huo, ikiwa mwanzo ulikuwa unaiona nyeusi na nyota juu yake na sasa huioni, mwambie muongozaji hapo hapo.