SOMO: Kufunga spika ya sauti ofisini ili hata mlinzi aweze kuzima jengo zima

Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa wawili watatu wameniuliza inbox nilivyofunga Alexa, ile spika ya Amazon unayoiamrisha kwa mdomo, ili tuongee na AC kwenye jengo ninalosimamia, sasa badala ya kurudia rudia naliweka hapa mara moja. Nasimamia jengo la ofisi la floo nne maeneo ya Posta hapa Dar, AC za ukutani zinakaribia thelathini, wapangaji wa kila aina. Mi sio mtu wa kompyuta, nimejifunza kwa kuharibu.

Niseme mapema kabisa, hivi vifaa matangazo yake yanamuonyesha bosi kakaa kwenye kiti anasema zima taa. Bosi hazimi taa bwana, saa kumi na moja na nusu bosi yuko kwenye foleni. Anayezima jengo ni mlinzi wa zamu ya usiku na dada wa usafi, kwahiyo ukifunga kitu ambacho hao wawili hawawezi kukitumia umetupa hela.

Hatua ya 1. Anza na daftari. Wiki nzima andika kila unachopigiwa simu. Mi yangu ilikuja hivi: AC zimeachwa zinawaka usiku, taa za koridoo, dispensa ya maji, choo kinavuja, chumba cha mikutano kina joto. Alafu piga mstari mwekundu kwenye ambavyo sauti haitakiwi kuvigusa: pampu ya simtanki, jenereta, lifti, geti, mlango wowote. Hivyo ni vitu vya mtu kwenda kusimama pale na kuangalia kwa macho.

Hatua ya 2. Waifai ya peke yake. Soketi janja (zile unazowasha na kuzima kwa simu) na vidude vingi vya bei nafuu vinashika mawimbi ya waifai ya 2.4GHz tu, ukiwa na rauta iliyochanganya na 5GHz utakesha. Tengeneza jina la pembeni kwa ajili ya vifaa, wapangaji wasiijue, na rauta ikae kwenye UPS, ile betri ya akiba.

Hatua ya 3. AC. Hapa ndo wengi wanakosea. Usichomeke AC kwenye soketi janja! Kompresa ikianza inavuta umeme mwingi kwa ghafla na zile soketi zinaweza kuungua, alafu hata zisipoungua, kukatia AC umeme ikiwa inazunguka sio kuizima, ni kuiua taratibu. Unachotaka ni kidude kinachorusha mwanga kama rimoti, sisi tumetumia Broadlink RM4 mini. Kimoja kwa chumba, kwasababu mwanga wa rimoti haupiti ukuta, na kiwe kinaiona AC, usikifiche nyuma ya kabati kama fundi wetu alivyofanya eti kisionekane. Kwenye aplikesheni chagua aina ya AC, isipokuwepo unakifundisha kitufe kwa kitufe kwa rimoti yenyewe, kwahiyo zile rimoti za zamani msizitupe.

Sasa kasoro yake: kile kidude kinatuma tu, hakijui kama AC imesikia. Aplikesheni itakwambia imezimwa na huko ndani inapuliza. Dawa yetu ni ya kizamani, mlinzi akishatoa amri anazunguka nyuma ya jengo anaangalia mashine za nje, feni gani bado inazunguka. Dakika tatu. Kingine, AC nyingi umeme ukikatika na kurudi zinajiwasha zenyewe, so weka pia ratiba ya muda, sisi saa tano usiku amri ya kuzima inatumwa tena hata kama hakuna aliyeongea.

Hatua ya 4. Taa. Swichi janja nyingi zinataka waya wa nyutro (ule wa kurudisha umeme), na majengo yetu mengi ukifungua boksi la swichi unakuta laini tu, waya wenye moto. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA afungue kwanza ndo ununue, mi nilinunua kwanza na zingine mpaka leo ziko kwenye droo.

Hatua ya 5. Majina. Hii nitakaa nayo kidogo maana ndo iliyotaka kuniangusha. Alexa haijui Kiswahili, inasikia kila kitu kwa sikio la Kiingereza. Usiku wa kwanza nikamwonyesha mzee wetu wa zamu, mtu mzima, heshima zote, akasimama mbele ya ile spika kama anatoa taarifa kwa afande: "Aleksa, zima AC za juu." Ikamjibu maneno marefu ambayo hata mimi sikuyaelewa. Mzee akaniangalia, "Huyu ni wa wapi?" Usiku wa tatu akaacha, akawa ananipigia simu mimi nizime kwa simu yangu.

Kumbe tatizo langu mwenyewe. Vyumba vya mikutano vilikuwa na majina ya mbuga na milima, Kilimanjaro inaipata vizuri, ila Ngorongoro kila siku inasikia kitu kingine. Nikafuta yote nikaweka namba, room one, room two. Na kwa mzee nikatengeneza amri moja ya mkupuo, anasema "Alexa, good night" basi, inazima AC zote, taa za koridoo zinabaki mbili, dispensa inakatwa. "Gudi naiti" ya mzee inaeleweka kila siku, hata akiwa na mafua. Siku hizi ananiambia "nimeshamuaga mwenzangu."

Kwenye soketi za dispensa na zinginezo, ingia kwenye mipangilio uchague umeme ukirudi ikae vipi. Weka ibaki imezimwa. Ukiacha ilivyotoka dukani kuna zinazojiwasha.

Hatua ya 6. Kuripoti ubovu kwa Kiswahili. Hapa spika weka pembeni kabisa, tumia simu. Kibodi ya Google, ile Gboard, inaandika Kiswahili kwa sauti tangu 2017. Ingia kwenye lugha uongeze Kiswahili cha Tanzania, fungua jedwali la pamoja la Google Sheets, gusa kimaiki, ongea. Dada wa usafi alikuwa ananitumia voice note za dakika mbili WhatsApp, mwanzo salamu, katikati habari za mtoto, choo kinachovuja kiko mwishoni. Sasa anasema "choo cha wanawake ghorofa ya tatu, koki inavuja" inajiandika, na tarehe iko pembeni. Haiweki nukta na ukiongea huku mashine ya kufagia inanguruma inaandika mashairi, ila Ijumaa fundi bomba akija nampa orodha, sio stori. Kwangu mimi hii imesaidia kuliko spika zote, na haikunigharimu kitu.

Hatua ya 7. Spika isikae kila mahali. Kwetu ziko mapokezi na kibanda cha mlinzi, basi. Chumba cha bodi hapana, HR hapana, sehemu inayoongelewa mishahara ya watu hapana. Ina kitufe cha kuzima maiki, taa nyekundu ikiwaka ndo haisikii. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na tangu Machi 2025 Amazon waliondoa chaguo la kuzuia sauti zisiende kwao, so waambie wafanyakazi kwa maandishi kwamba kuna kifaa kinasikiliza.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Arusha: Mkuu intaneti ikikata inakuwaje?

Spika inakuwa pambo. Ndo maana rimoti zimening'inia ukutani kila chumba, na swichi zote za taa bado zinabonyezeka kwa mkono. Siku yoyote mtu asiyejua chochote aweze kuzima kwa mkono.

Mdau, Nairobi: Si kuna ile Alexa for Business ya makampuni? Kuna mtu anatuuzia training yake hapa.

Mkimbie huyo. Amazon waliifunga Aprili 2024. Mnatumia akaunti ya kawaida, ila fungueni kwa barua pepe ya ofisi. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi kijana wa IT aliweka yake binafsi, akaacha kazi, wiki nzima taa za mapokezi zinawaka na kuzima na yeye hayupo tena.

Mdau, Mwanza: Hakuna namna ikaelewa Kiswahili kabisa jamani, tutajifunza kizungu mpaka lini?

Ipo ila ina jasho. Home Assistant ni programu ya bure ya kuongoza vifaa vya jengo, unaifunga kwenye kompyuta ndogo, sentensi za amri unaandika mwenyewe, "zima taa za chini" na kadhalika, na sikio lake unaweka Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ambayo Kiswahili inakijua. Kwenye kompyuta dhaifu inachukua sekunde kadhaa kufikiria, mzee wetu alisema huyu ni mvivu. Bado naijaribu mezani kwangu, sijaipeleka getini.

Mdau: Mtu akipiga kelele dirishani si anafungua mlango?

Ndo maana mlango uko kwenye mstari mwekundu hatua ya 1. Akipiga kelele kwangu atazima dispensa.

Mdau, Dodoma: Umeokoa kiasi gani? Bosi wangu anataka namba.

Sikupi namba yangu, piga ya kwako. AC ya 12,000 BTU ikizunguka inakula kama kilowati moja. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja asubuhi ni masaa 13, tuseme kompresa inafanya kazi nusu ya muda, hizo ni yuniti sita na nusu kwa AC moja iliyosahauliwa usiku mmoja. Zidisha kwa bei unayolipia LUKU, alafu hesabu mnasahau ngapi. Mpe bosi hiyo karatasi.

Mdau: Unauza hivyo vifaa?

Siuzi mkuu. Ila nina swichi janja zinazotaka nyutro kwenye droo, mwenye jengo lenye nyutro aje tuongee.