Jinsi ya kumfanya mtazamaji ajue nani ni nani kwenye peintiboli ya runinga

Mechi ya kwanza ya peintiboli, mchezo wa timu mbili kulengana kwa bunduki za risasi za rangi, anayepasukiwa na risasi anatoka, niliyoirusha moja kwa moja hapa Nairobi ilikuwa na timu moja iliyovaa nyeusi na nyingine iliyovaa bluu ya giza. Tuliokuwa uwanjani tuliona sawa kabisa. Katikati ya mechi, mama wa mchezaji mmoja aliyekuwa akitazama kwa simu kule Umoja akanipigia: "Mwanangu, nimekaa hapa nusu saa. Huyu kijana wangu ni yupi?" Nikatazama skrini yangu, nikakosa la kumjibu. Tangu siku hiyo kazi yangu huanzia kwa jezi, kamera baadaye.

Mchezaji wa peintiboli hana uso. Maski inamfunika wote na haivuliwi uwanjani kamwe, kwa sababu risasi ya rangi, yenye kipenyo cha karibu milimita 17, huruhusiwa kutoka kwa kasi ya hadi futi 300 kwa sekunde. Mchezo wenyewe ulizaliwa msituni, New Hampshire, Marekani, mwaka 1981, watu 12 wakiwindana kati ya miti. Kujificha ndiko kulikokuwa utamu wake. Runinga inataka kinyume, na mashindano mengi ya kurushwa siku hizi huchezwa kwenye uwanja wazi wenye vizuizi vya kujazwa hewa, watano kwa watano. Mwongozo huu ni wa uwanja huo. Wale wa msituni waache na nguo zao za majani.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mwenye simu

Uwanja wa mashindano una urefu wa karibu mita 45 na upana wa mita 36. Kamera ikichukua ule upana wote kwa picha yenye nukta (pikseli) 1920 kwa upana, kila mita inapata nukta 53. Namba yenye kimo cha sentimita 25 itapata nukta 13. Anayetazama picha ya nukta 640 kwa kuhurumia bando lake atapata nukta nne tu, na nukta nne hazisomeki.

Basi gawa kazi. Kwenye picha pana, rangi ya jezi itaje timu. Kwenye picha ya karibu, namba itaje mchezaji. Jina liandikwe kwenye skrini. Nimeona timu zinatumia pesa nyingi kuchapa majina mgongoni kwa herufi za mapambo, na sijawahi kumpata mtazamaji mmoja aliyeyasoma.

Hatua ya 2: Chagua rangi kwa mwanga wake

Hapa ndipo wengi hupotea. Video ikibanwa ili ipite kwenye intaneti, habari za rangi hupunguzwa kuliko habari za mwanga na giza. Kwa kawaida nukta nne jirani hugawana rangi moja. Nyekundu na kijani unazoziona mbalimbali kwa macho zinaweza kuwa na mwanga uleule, zikafika kwa mtazamaji zimefifia na kukaribiana. Na kuna watu, wanaume hasa, ambao nyekundu na kijani huwachanganya tangu kuzaliwa.

Jaribio halina gharama. Simamisha wachezaji wawili, mmoja wa kila timu, mita 40 kutoka ulipo. Wapige picha kwa simu, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Wakitoka na kijivu kimoja, badilisha jezi ya mmoja. Fanya hivyo saa saba mchana, jua la Nairobi likiwa utosini na vivuli vimeangukia kifuani, halafu urudie saa kumi na moja na nusu. Mimi huzipa timu rangi moja nyepesi (nyeupe, njano, samawati hafifu) na moja nzito (bluu ya giza, maruni). Michirizi myembamba ikatae, kwenye kamera huwa inachezacheza kama maji.

Suruali usizitegemee. Wachezaji huteleza kwa magoti na tumbo, na ukiwa upande wa udongo mwekundu, kufikia mechi ya tatu timu zote mbili zina suruali moja. Rangi ya timu ikae mabegani na mikononi hadi kwenye kifundo, maana mara nyingi kinachochungulia kando ya kizuizi ni mkono mmoja na kichwa.

Hatua ya 3: Weka namba mahali kamera inapofika

Kwenye kandanda, kanuni za FIFA zinataka namba ya mgongoni iwe na kimo cha sentimita 25 hadi 35, na mgongo uko wazi muda wote. Huku kwetu kiuno kimezungukwa na mkanda wa kubebea risasi za akiba, na jezi ikipanda kidogo nusu ya namba inamezwa. Ipandishe: ianzie chini tu ya shingo, kati ya mabega. Iandike tena kwenye mikono yote miwili, juu ya kiwiko, na kwenye mkanda wenyewe. Pia kwenye chombo cha risasi kinachokaa juu ya bunduki, kwa sababu mchezaji anapochungulia ndicho kinachotangulia.

Kwenye kioo cha maski usibandike wala usipulizie chochote. Kemikali za rangi na gundi zinaweza kukidhoofisha, na kioo hicho ndicho kinacholinda macho ya mtoto wa watu.

Namba ziwe za tarakimu moja, mstari wake unene wa sentimita nne au tano. Halafu fikiria risasi itakapopasukia juu yake: doa moja hugeuza 3 kuwa 8, na 5 kuwa 6. Kwa hiyo anza kugawa 1, 2, 4 na 7, zilizobaki zifuate.

Ukienda kwa mafundi wa River Road, omba namba ichapwe ndani ya kitambaa chenyewe. Ile ya kubandikwa kwa pasi hung'aa juani ikawa kioo, na huweza kubanduka baada ya kufuliwa mara chache. Ya kushonewa juu ni mbaya zaidi: ikiwa nene, risasi hudunda bila kupasuka, na risasi isiyopasuka haimtoi mtu. Utakuwa umeleta ugomvi uwanjani.

Hatua ya 4: Rangi ya risasi

Isifanane na jezi yoyote. Pinki au chungwa hunifaa. Nyekundu viwanja vingi huikwepa, inafanana na damu.

Hatua ya 5: Marefa

Refa anakimbia katikati ya risasi na naye hupigwa. Mtazamaji asiyejua atadhani ni mchezaji aliyechanganyikiwa. Mvishe milia minene ya nyeusi na nyeupe, kila mlia upana wa kiganja, na mgongoni mpe herufi badala ya namba: A, B, C. Mtangazaji akisema "Refa B anamkagua namba 4," hakuna anayebabaika. Wasivae kofia wala glovu zenye rangi ya timu. Na wafundishe kuinua mkono juu kabisa wanapomtoa mtu, wakihesabu moja hadi mbili kabla ya kuushusha, ili kamera iwahi.

Hatua ya 6: Aliyetoka aonekane ametoka

Mtu anayetembea kuelekea nje akiwa na bunduki anafanana kabisa na anayeshambulia. Kila mchezaji awe na kitambaa cha chungwa mfukoni, na akipigwa akiinue juu ya kichwa hadi avuke wavu unaozunguka uwanja. Kwenye skrini weka vitone vitano kwa kila timu, vya rangi ileile ya jezi, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine avizime kimoja kimoja kila mchezaji anapotoka.

Hatua ya 7: Unganisha uso na namba

Kabla ya mechi, nje ya wavu ambako ni salama, mrekodi kila mchezaji sekunde sita: anatazama kamera bila maski, anaivaa, anageuka, namba inaonekana. Rusha vipande hivyo kabla ya kila mechi na tena mtu anapofanya jambo kubwa. Yule mama wa Umoja, mashindano yaliyofuata, alinitumia ujumbe dakika ya pili: "Nimemuona. Ni 7."

Mwisho, weka ndoo mbili za maji na matambara langoni. Ute ulio ndani ya risasi huyeyuka kwa maji, kwa hiyo mtu mmoja awafute wachezaji mgongo na mikono kila wanapotoka, akianza na namba.